Pima Ngapi? Mwongozo wa Kuvua Trauti kwa Nzi Bandia

Mvuvi wa mshipi wa Pwani akiona mwenzake kwenye ngalawa ya jirani amenasa changu, haanzi kwa kuuliza chambo. Huuliza: pima ngapi? Anajua kwamba ngisi mbichi aliye pima tano juu ya samaki ni sawa na ndoano tupu. Swali hilohilo ndilo litakalokupatia trauti katika mabwawa ya Uingereza, ijapokuwa huko utakuwa umevaa koti la mvua, umeshika fimbo ya kaboni, na ndoano yako imevishwa manyoya.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kuvua kwa nzi bandia, au aliyejaribu mara mbili akarudi na wavu mkavu. Mfano wangu ni Rutland Water, bwawa kubwa lililo mashariki ya Leicester, mji ambao familia nyingi zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania zimeufanya kwao. Nitakayoyasema yanafaa pia Grafham, Chew Valley, Blagdon, na hata kile kibwawa cha mkulima kisichofika hekta mbili.

Samaki walioletwa na gari

Rutland Water lilijengwa miaka ya 1970 kwa kuziba bonde la mto Gwash. Lina ukubwa wa hekta 1,250 hivi, na karibu na tuta kina chake kinazidi mita 30. Kazi yake ya kwanza ni kuwapa watu maji ya bomba. Trauti walipandikizwa humo ili watu wavue, kama ilivyofanyika Blagdon, Somerset, bwawa lililofunguliwa kwa wavuvi mwaka 1904 na ambalo Waingereza hulihesabu kuwa chimbuko la mchezo huu.

Samaki utakaokutana nao ni wa aina mbili. Trauti wa kahawia ni mwenyeji wa Ulaya. Ana madoa meusi na mekundu, mjanja, hukaa kwenye kina na hupenda kuwinda peke yake. Trauti wa upinde wa mvua ana asili ya pwani ya Pasifiki, Amerika Kaskazini, na aliletwa Uingereza miaka ya 1880. Ubavuni ana mstari wa waridi, huogelea kwa makundi, na akinasa huruka juu ya maji. Huyu ndiye utakayemnasa mara nyingi. Kwa kawaida hazaliani bwawani. Hukuzwa shambani kwa chakula cha punje, kisha huletwa kwa gari la tangi na kumwagwa majini.

Hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Husema: samaki wamewekwa, basi ni kama kuchota kwenye sufuria. Kwa siku chache za mwanzo wana haki. Samaki mgeni huzunguka na wenzake karibu na alikomwagwa, tena juujuu, na hudonoa chochote kinachong'aa kwa sababu hajui chakula kina sura gani. Lakini baada ya wiki kadhaa amelijua bwawa. Amejifunza saa wadudu wanapopanda, anajua upepo unakusanyia wapi mlo, na amekwisha kuchagua kina chake. Huyo hapatikani kwa bahati.

Karatasi kwanza

England na Wales, kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea anahitaji leseni ya fimbo kutoka serikalini. Wenye miaka 13 hadi 16 hupewa bure, lakini lazima waiombe. Iko leseni ya siku moja, ya siku nane na ya miezi 12, na hununuliwa mtandaoni. Ukikamatwa huna, faini yaweza kufika pauni 2,500. Scotland hawana leseni ya namna hii kwa trauti. Huko unahitaji ruhusa ya mwenye maji tu.

Leseni haikupi ruhusa ya bwawa. Ukifika, nunua tikiti ya siku kwenye ofisi ya wavuvi. Tikiti hutaja idadi ya samaki unaoweza kuchukua: wawili, wanne, pengine wanane, au kuvua na kuachia tu. Anza na ya samaki wachache. Kabla ya kuondoka dirishani, muulize mhudumu maswali matatu: jana samaki walikuwa wapi, walikuwa kwenye kina gani, na walikuwa wanakula nini. Hapo pana daftari la wavuvi waliotangulia. Methali ni ya kwetu lakini inafanya kazi popote: mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

Vifaa, bila kufilisika

Katika uvuvi wetu wa mshipi, chubwi ndilo linalobeba ndoano. Hapa hakuna chubwi. Nzi bandia hana uzito wa kutupika, kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki. Ukiuelewa ukweli huo mmoja, vifaa vyote vinaeleweka.

Mishipi hupewa namba kwa uzito. Mita tisa za kwanza za mshipi namba 7 zina gramu 12 hivi. Fimbo nayo huandikwa namba, na lazima ilingane na mshipi. Kwa bwawa kubwa lenye upepo, chukua fimbo ya futi 9 na nusu au 10, namba 7. Kwa vibwawa vidogo, futi 9 namba 6 inatosha. Rili isikusumbue kichwa. Kazi yake ni kuhifadhi mshipi na kutoa uzi kwa ulaini samaki anapokimbia.

Nunua mishipi miwili. Wa kwanza uwe unaoelea. Wa pili uwe unaozama polepole, sentimita tatu hivi kwa sekunde. Baadaye, ukinogewa, ongeza unaozama haraka zaidi. Mbele ya mshipi hufungwa uzi mwembamba usioonekana, wa mita tatu unusu hadi nne unusu, wenye nguvu ya ratili sita au nane. Mafundo yote yaloweshe mate kabla ya kuyakaza, la sivyo joto la msuguano huudhoofisha uzi, na utalijua hilo siku atakapokuja mkubwa.

Nzi usiwanunue kwa rangi kama mtu anayechagua pipi. Kwa kuanzia chukua hawa:

- Buzzer mweusi na wa kahawia, ndoano namba 10 hadi 14. Huiga pupa wa kijidudu nitakachokieleza hapa chini.
- Diawl Bach, jina la Kiwelisi lenye maana ya shetani mdogo. Mwembamba, wa kahawia, na hufanana na vitu vingi kidogokidogo.
- Mtoto wa kereng'ende, wa kijani kibichi, mwenye mkia unaochezacheza.
- Black and Peacock Spider, aliyepata umaarufu kupitia kitabu cha T. C. Ivens cha mwaka 1952 kuhusu uvuvi wa mabwawa. Huiga konokono na mende wa majini.
- Blob, furushi la nyuzi zenye rangi kali lisilofanana na kiumbe chochote. Ni kwa ajili ya samaki waliomwagwa juzi.
- Nzi mmoja mkavu wa kuelea, kama vile Hopper mwenye miguu mirefu.

Ukivigeuzageuza viboksi dukani, jua kwamba nzi wengi wanaouzwa Uingereza hufungwa kwa mkono nchini Kenya. Ni kazi ya vidole vyepesi na macho makali, na huenda kile unachokinunua kilifungwa na mtu anayezungumza lugha hii unayoisoma.

Vitu viwili si vya hiari: kofia na miwani. Ndoano inayopita karibu na sikio lako kwa kasi haichagui jicho la kutua. Miwani iwe ile inayoondoa mng'ao wa maji, ili upate na faida ya kuona ndani.

Kurusha

Usijifunzie bwawani. Nenda kwenye uwanja wa nyasi, funga kipande cha sufi mahali pa nzi, utoe mita nane za mshipi mbele yako.

Fikiria uso wa saa ukiwa ubavuni mwako. Anza na ncha ya fimbo chini. Inyanyue ukiongeza kasi taratibu, kisha isimamishe ghafla ikifika saa saba, ile inayoandikwa 1. Sasa ngoja. Mshipi unahitaji muda wa kunyooka nyuma yako. Ukisharuka nyuma na kunyooka, peleka fimbo mbele na uisimamishe ghafla kwenye alama ya 10, kisha ishushe polepole mshipi unapotua. Nguvu haihitajiki. Fimbo ndiyo inayofanya kazi, nayo hufanya kazi pale unapoisimamisha. Ukisikia sauti kama ya kiboko nyuma yako, hukungoja, na pengine nzi amekwisha kukatika.

Saa moja na mwalimu ina thamani kuliko fimbo ghali. Mabwawa mengi makubwa yana wakufunzi. Mimi nilijifundisha mwenyewe kwa msimu mzima, na msimu uliofuata niliutumia kujifundua.

Kama unatumia mkono wa kulia, simama upepo ukikupiga begani kushoto. Ukikupiga kulia, mshipi utaletwa usoni mwako. Wala usihangaike kurusha mita 25. Mita 12 zilizonyooka ni bora kuliko 20 zilizojikunja kama nyoka, na asubuhi trauti wengi huwa karibu na ukingo kuliko unavyodhani. Mgeni huingia majini hadi kiunoni na kuanza kurusha mbali, akiwa amewakanyagia njia samaki aliowafuata. Mrusho wako wa kwanza uwe sambamba na ukingo, wewe ukiwa bado kwenye nchi kavu.

Kulisoma bwawa

Bwawa halina mkondo kama mto, lakini lina upepo, na upepo ndio mkondo wake. Mvuvi aliyezoea kusikia habari za kaskazi na kusi hatapata taabu hapa. Upepo husukuma maji ya juu pamoja na wadudu kuelekea ukingo wa mbali. Trauti wa upinde wa mvua anayekula juu huogelea akiukabili upepo, akipokea chakula kinachomjia.

Tafuta sehemu tano. Ya kwanza ni mstari ambapo maji tulivu yanapakana na mawimbi madogo. Wadudu hukwama hapo. Ya pili ni zile njia nyembamba laini zinazokatiza katikati ya mawimbi kama barabara za mafuta. Ya tatu ni rasi na mdomo wa hori. Ya nne ni ukingo wa magugu maji, ghala la wadudu na vifaranga. Ya tano huioni: mabonde, mitaro na nyua za mashamba ya zamani yaliyofunikwa na maji. Ramani ya bwawa itakuonyesha.

Angalia pia joto. Trauti ni samaki wa maji ya baridi. Hula vizuri maji yakiwa baina ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakipita 20 oksijeni hupungua, samaki hushuka au hukaa bila hamu. Kwa hiyo Aprili, Mei, Juni, Septemba na Oktoba ni miezi ya kheri. Julai na Agosti, nenda alfajiri au jioni.

Ukikaa sehemu moja nusu saa bila kuguswa, na umejaribu kina chote, hama. Subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Bwawani methali zote mbili ni za kweli, na ufundi ni kujua saa ya kila moja.

Kina kwanza, mwendo pili, nzi tatu

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo. Mvuvi asiyepata kitu hubadilisha nzi. Anafungua boksi, anajaribu mwekundu, anajaribu wa kijani, anafunga na kufungua mafundo mpaka jua linazama. Mvuvi anayepata hubadilisha kina kwanza. Akishakijua kina, hubadilisha mwendo wa kuvuta. Nzi humbadilisha mwisho.

Kwetu pima hupatikana kwa kunyoosha mikono. Huku hupatikana kwa kuhesabu. Tuseme una mshipi unaozama sentimita 7 na nusu kwa sekunde. Rusha, kisha hesabu polepole, namba moja kwa sekunde. Ukifika 10, nzi yuko chini sentimita 75 hivi. Ukifika 24, yuko pima moja. Mrusho wa kwanza hesabu mpaka 5, uanze kuvuta. Wa pili 10. Wa tatu 15. Endelea hivyo mpaka uguse magugu au uguswe na samaki. Akidonoa kwenye 15, usifurahi tu: shika hiyo 15 kichwani, uirudie. Trauti wa upinde wa mvua huogelea kwa makundi, na kundi hukaa kwenye tabaka lake. Mmoja kwenye 15 maana yake wako wengine kwenye 15.

Usiku wa jana si leo, wala asubuhi si adhuhuri. Katikati ya bwawa mna viroboto maji, vijidudu vidogo kama chembe za unga, ambavyo trauti huvimeza kwa maelfu. Jua likiwa kali, vijidudu hivyo hushuka. Wingu likifunika, hupanda. Samaki huvifuata. Kwa hiyo wingu likipita, na wewe punguza hesabu.

Kuhusu mwendo, karibu kila mgeni huvuta haraka mno. Wadudu wengi wa majini hawakimbii. Hupanda kama moshi wa ubani. Jifunze kukusanya mshipi kiganjani kwa kuuzungusha baina ya kidole gumba na kidole cha mwisho, taratibu, mfano wa mtu anayekunja kamba nyembamba. Ukiwa na Buzzer na mshipi unaoelea, usivute kabisa. Acha upepo ubebe mshipi, wewe kazi yako ni kuondoa ulegevu. Ncha ya fimbo iwe karibu na maji, ikielekea alipo nzi.

Mvuto wa haraka una mahali pake: kwa samaki wapya, na kwa wanaofukuza vifaranga. Hapo vuta kwa mikono mirefu, tua, vuta tena. Mara nyingi huchukua pale unapotua.

Anakula nini, na lini

Kama umewahi kukaa Mwanza au Kisumu, umeyaona mawingu ya wadudu wa ziwa yakisimama juu ya Victoria kama moshi wa msitu unaoungua, kisha yakatua ukutani, kwenye taa na kwenye chai yako. Wengi wao ni ndugu wa vijidudu ambavyo Waingereza huviita buzzer: vinafanana na mbu, lakini haviumi. Hapo umekwisha kupata somo la kwanza la chakula cha trauti.

Kijidudu hiki huanza kama funza mwekundu kwenye tope. Wekundu wake hutokana na hemoglobini, ya jamii ya ile iliyo katika damu yako. Kisha huwa pupa, na pupa hupanda taratibu kuelekea juu ili apasuke na kuruka. Katika safari hiyo hana ulinzi wowote, na trauti anajua. Katika bwawa kama Rutland chakula hiki hupatikana karibu mwaka mzima, na Aprili na Mei ndiyo karamu. Huko Blagdon, daktari mmoja wa kijiji, Howard Bell, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutazama tumboni mwa samaki na kufunga nzi wa kuiga alichokikuta, wakati wengi bado walikuwa wakirusha nzi wenye rangi za mapambo.

Mwishoni mwa Aprili upepo huangusha majini nzi weusi wa nchi kavu wanaoning'iniza miguu. Siku hizo nzi mkavu mweusi hutosha. Juni na Julai ni zamu ya watoto wa kereng'ende, wanaoogelea kuelekea ukingoni ili wapande kwenye majani. Jioni za kiangazi hutoka wadudu wenye mabawa yaliyokunjwa mithili ya paa la nyumba, wakikimbia juu ya maji. Agosti na Septemba upepo huleta wale wenye miguu mirefu kama mbu mkubwa, na Hopper wako hapo hupata kazi. Vuli ikija, trauti wakubwa huwashambulia vifaranga wa samaki wengine kandokando ya magugu. Ukiona vidagaa vikiruka nje ya maji, funga nzi mkubwa mweupe na usiulize zaidi.

Akidonoa

Utahisi mshipi umekazika, au utaona kipande cha mshipi kinachoelea kikisita. Nyanyua fimbo, usiipige. Akikimbia, mwache akimbie. Weka fimbo juu ili ipinde na kunyonya nguvu zake. Akiruka, ishushe kidogo ili uzi ulegee. Akichoka, zamisha wavu majini kwanza, kisha mlete samaki juu ya wavu na uunyanyue. Usimfukuze kwa wavu kama anayeua nyuki. Wengi hupotea katika mita mbili za mwisho, kwa pupa ya mwenye fimbo. Ukimpoteza, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ukikusudia kumla, muue mara moja kwa rungu dogo, mapigo mawili nyuma ya macho. Waingereza huliita rungu hilo kasisi, kwa kuwa ndilo linalotoa huduma ya mwisho. Kweli samaki hachinjwi, lakini kumwacha atapetape kwenye nyasi ni ukatili, na pia huharibu nyama.

Ukikusudia kumwachia, tumia ndoano iliyobanwa kijimwiba chake. Lowesha mikono, usimtoe majini, chomoa ndoano kwa koleo, mshike wima mpaka aondoke mwenyewe. Maji yakiwa ya moto sana usivue kwa kuachia. Samaki aliyechoka kwenye maji yenye oksijeni haba huondoka vizuri, kisha hufa mbali na macho yako. Mabwawa mengine hukataza kuachia. Soma masharti ya tikiti.

Sasa kazi ambayo wengi huiruka. Chukua kijiko kirefu chembamba, kiingize kooni mwa samaki uliyemuua mpaka tumboni, kizungushe, ukitoe, umwage ulichokipata kwenye kisahani cheupe chenye maji. Hapo una barua. Pupa weusi? Funga Buzzer. Uji wa kijani na chungwa? Ni viroboto maji, rudi kwenye kina. Konokono? Black and Peacock. Tumbo tupu? Huyu ni mgeni wa juzi, mpe kinachong'aa.

Boti, na hatari zisizozungumzwa

Kwa siku zako mbili tatu za kwanza baki ukingoni. Ukichukua boti, nenda na mzoefu, vaa jaketi la kuokolea muda wote, na usisimame kurusha. Desturi ni kuiacha boti iende ubavu na upepo, ikipunguzwa kasi na mwavuli wa kitambaa unaokokotwa majini, nanyi mkirusha mbele yake. Usikatize mbele ya boti nyingine inayoteleza hivyo. Ni adabu mbaya kuliko matusi.

Fimbo ya kaboni hupitisha umeme. Ukisikia radi, ilaze chini uondoke. Usirushe karibu na nyaya za umeme.

Mwisho, osha vifaa. Mwaka 2010 kamba mdogo mvamizi kutoka eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi aligunduliwa Grafham. Huua wadudu wenyeji na husafiri kwenye wavu na viatu vyenye unyevu. Kagua, safisha, kausha kabla ya kwenda bwawa jingine.

Si lazima iwe Uingereza

Trauti wana miaka zaidi ya mia moja Afrika Mashariki. Walowezi waliwapeleka katika mito ya Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20, na huko Kiganjo, karibu na Nyeri, kiko kituo cha serikali cha kutotolea trauti. Juu ya Mlima Kenya, ziwa Rutundu na ziwa Alice hujulikana kwa trauti wa upinde wa mvua. Maji ni ya baridi na safi, kwa hiyo ufundi ni uleule: mshipi unaoelea au unaozama taratibu, nzi mweusi, na hesabu. Uliza ruhusa mapema, kwa maana ni eneo la hifadhi, na beba nguo nzito kuliko unavyodhani mtu wa ikweta angehitaji.

Jikoni, kisha daftarini

Trauti mbichi ni laini, hataki kelele. Mpasue, mpake chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, mbanike dakika chache kila upande, kisha mpake tui zito lililochemshwa na bizari na pilipili, umrudishe motoni mpaka tui likauke na kushika. Nyama ikiwa ya waridi usishangae. Rangi hiyo hutokana na alichokula.

Ukishanawa, kabla usingizi haujakuchukua, andika mistari michache: tarehe, ukingo gani, upepo wa wapi, joto la maji, nzi, mwendo wa mkono, na ile hesabu. Baada ya safari kumi daftari hilo litakuwa limekushinda ujuzi mwenyewe. Na siku utakapokuwa gatini ukifunga vifaa, samaki wawili kwenye mfuko, mgeni aliyerudi mikono mitupu atakusogelea akuulize umetumia nzi gani. Mwonyeshe nzi, kwa kuwa ndicho alichouliza. Kisha mwambie na hesabu, kwa kuwa ndiyo atakayoihitaji.